Mlio Mpya: Hotuba ya Kuzindua Jalada

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye umekuja kwa niaba ya yule aliyetakiwa kuja kwa niaba ya yule tuliyemwalika. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Jalada. Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Rangi. Wajumbe wa Kamati Ndogo Zaidi ya Herufi. Ndugu Mhasibu, ambaye leo umevaa miwani myeusi kwa sababu nitakazozieleza baadaye. Ndugu Mpiga Picha, simama nikuone, haya kaa, hapana, hapo utanikata kichwa, sogea. Wasanii wa fani zote, wapiga gitaa, wapiga ngoma, na ninyi mnaopiga kelele huko nyuma. Wanafunzi mlioletwa bila kuambiwa mnaletwa wapi. Mama Chiriku na binti yako Chiriku, mwimbaji wetu mpendwa, mliokaa viti vya mbele kabisa ingawa viti hivyo viliandikwa majina ya watu wengine. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu nimemruka, ajue nimemruka kwa makusudi. (Makofi. Feni ya darini inalia. Mtu anaizima, watu wanalalamika joto, anaiwasha tena.)

Kabla sijasema lolote, naomba niseme machache. Mimi, Mratibu Mkuu wa Kitengo cha Uhamasishaji wa Muziki na Mambo Yanayofanana na Muziki, nimesimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyoelezeka, ambayo nitaieleza kwa muda wa saa moja na nusu hivi. (Miguno.) Msigune, ndugu zangu. Soda zipo. Nimezifungia kwenye kabati la ofisini kwangu, kwa kuwa stoo yetu, kama wengi mnavyojua, haina mlango, na ufunguo wa kabati ninao mimi hapa mfukoni. (Makofi marefu.)

Leo tunazindua jarida la muziki, Mlio Mpya, jarida la kwanza la aina yake katika jengo hili. Na kwa kuwa sisi ni watu wa mipango, hatukuanza ovyo ovyo kama wengine wanaokurupuka na kuandika habari ndani kabla hawajajua nje kukoje. Sisi tulianza na jalada. Jalada ndilo lile lililofunikwa hapa kulia kwangu, kwa satini nyekundu na utepe, na naomba yule kijana aliyeegemea meza aache kuchungulia kwa chini. (Sauti kutoka nyuma, mwandishi wa habari: "Mkuu, mbona jalada nene hivyo? Na huo ubao si ndio ule wa mwaka…") Ndugu mwandishi, maswali ni mwisho, na mwisho hautakuwa na muda. Unene unaouona ni unene wa ubora. Tuendelee.

Pale mlangoni, nilipokuwa nikiusubiri msafara wa Mgeni Rasmi ambao haukutokea, nilikutana na Mama Chiriku, akanishika mkono, na akaniambia maneno yaliyonigusa sana, ambayo naomba niyanukuu kwa sababu yanahusu kazi yangu nzuri. Aliniambia hivi: "Baba, mimi na huyu mtoto tumegombana mpaka majirani wamechoka kutuamua. Mimi nasema kuimba si kazi, yeye anasema ndiyo kazi yake. Sasa nimemwambia, hao wakubwa wakikuweka kwenye jalada kama walivyoahidi, mimi mdomo nafunga, sisemi tena. Wasipokuweka, Jumatatu unaanza dukani kwa mjomba wako, unapima misumari." Mwisho wa kunukuu. (Mama Chiriku, kwa sauti: "Ndivyo nilivyosema, na sibadilishi." Kicheko. Chiriku anatazama chini.) Nami nilimjibu: Mama, ondoa shaka. Kitengo hiki kikiahidi, kimeahidi. (Makofi.)

Sasa niwaeleze kitaalamu, taratibu, ili hata wasiosoma wapate kitu. Jalada la jarida la muziki si karatasi tu. Jalada ni stratejia. Mlengwa wetu, anayeitwa kitaalamu tageti odiensi, anapita kwenye meza ya muuza magazeti akiwa na haraka zake, ana njaa, ana simu mkononi, ana shemeji anamsubiri, na jalada lina nafasi ya kupepesa jicho tu kumwambia: wewe, njoo hapa, hili ni lako. Hayo si maneno yangu, ni ya mtaalamu tuliyemwita kwenye wokshopu yetu ndefu, tuliyoifanyia hotelini penye bwawa la kuogelea, kwa sababu huwezi kujadili mambo ya mvuto mahali pasipovutia. (Mjumbe wa Kamati Ndogo ya Rangi: "Kweli kabisa!")

Mtaalamu yule alitufundisha mambo mazito. Alisema jina la jarida likae juu, kwa sababu mezani kwa muuzaji, magazeti hulaliana na sehemu ya juu ndiyo inayobaki kuonekana. Alisema picha iwe moja, kubwa, ya mtu ambaye mnunuzi anataka kuwa kama yeye, au kuwa karibu naye, au angalau kumsema vizuri kwa wenzake. Alisema herufi zifanane na muziki: mwenye kupenda makelele hawezi kuvutwa na herufi za cheti cha ndoa, na mzee wa dansi la zamani hawezi kununua kitu chenye herufi zinazovuja damu. Alisema vichwa vidogo vya habari pale pembeni viwe na muwasho, visomeke nusu, nusu nyingine mtu akaitafute ndani. Halafu akatuuliza: "Jarida lenu hasa ni la nani?" Swali zuri sana. Tuliliundia kamati.

Kamati iligundua kwamba jarida letu ni la watu wote, wa rika zote, wanaopenda muziki wa kila namna, pamoja na wasiopenda muziki. (Makofi machache.) Kwa hiyo Kamati Ndogo Zaidi ya Herufi, baada ya vikao ambavyo viliisha kwa watu wawili kutosalimiana mpaka leo, nawaona mmekaa mbalimbali, iliamua kwamba kila herufi ya jina iwe na mlengwa wake. Herufi ya kwanza imepasuka-pasuka, hiyo ni ya vijana. Ya pili imenyooka na imefungwa tai, hiyo ni ya watumishi. Ya tatu ina mauamaua kwa ajili ya akina mama. Ya nne, ambayo ni duara, tuliiondoa tukaweka ngoma, ingawa kwa bahati mbaya katika kuchapa imetoka sufuria. Lakini nani hapendi sufuria? (Kicheko.) Herufi zilizobaki tuliwaachia walengwa watakaojitokeza baadaye.

Ndipo tukafanya riserchi, maana siku hizi huwezi kusimama mbele ya watu bila riserchi. Tuliamua kuwahoji vijana wenyewe, ana kwa ana. Tukatoa mwaliko: vijana wote mnakaribishwa chumba cha mikutano, katikati ya wiki, saa nne asubuhi, mje na barua ya utambulisho kutoka kwa mwajiri. Hakuja hata mmoja. Vijana wa siku hizi, jamani, hawana moyo na mambo yao wenyewe. Lakini hatukukwama. Ofisini kwetu tunaye dereva ambaye tangu siku aliyoajiriwa tunamwita Kijana, na jina halijambanduka ingawa mwakani anastaafu. Tukamwita Kijana, tukamketisha, tukamwonyesha jalada, tukamuuliza, yeye akiwa tageti odiensi, linamvutia namna gani. Akasema, namnukuu: "Zuri, mkuu. Naweza kwenda kuosha gari?" (Kicheko kikubwa. Dereva, mlangoni, anapunga mkono.) Maoni hayo yaliingizwa kwenye taarifa kama msimamo wa vijana.

Matokeo kwa takwimu ni haya. Asilimia tisini na sita ya waliohojiwa walisema jalada linavutia sana. Asilimia tano walisema linavutia kupita kiasi. Asilimia tatu iliyobaki ni Ndugu Mhasibu. (Mwanafunzi, akihesabu kwa vidole: "Inazidi mia!") Ndiyo, mwanangu. Tumevuka lengo. (Makofi ya wajumbe, waliosimama.)

Sasa tuje kwenye picha, kwa sababu naona Mama Chiriku anakitazama kitambaa kile kwa jicho la kutaka kukivuta. Subira, mama. Picha ya kwanza alipigwa binti yako, na shahidi ni Ndugu Mpiga Picha huyu hapa. Tulimsimamisha uani, penye ukuta mweupe, jua la adhuhuri, tukamwambia aimbe kama anavyoimba, asijali sisi. Akaimba. Mpiga Picha anasema, nyie, mpaka makarani walichungulia kwenye madirisha ya juu, na shughuli zikasimama jengo zima. Ikapatikana picha moja: Chiriku amefumba macho, mdomo wazi, mshipa wa shingo umesimama, maikrofoni ameishika kwa mkono wa kulia, kucha nyekundu. (Chiriku, polepole: "Niliimba wimbo ule ule mpaka sauti ikakauka. Mliniambia ndiyo itakayotoka.") Umesikia, mama? Anakumbuka. Hiyo ndiyo inaitwa ushirikishwaji.

Picha ile ilipowekwa mezani, Kamati ya Jalada ilikaa kimya. Mjumbe mmoja alitoa leso. Nikaona hapa pana hatari, mtu anaweza kuidhinisha kitu bila kukijadili. Nikafungua mjadala.

Hoja ya kwanza ilihusu macho. Mtaalamu alisema macho ya mtu wa kwenye jalada lazima yamkamate mnunuzi tangu ng'ambo ya barabara. Macho ya Chiriku yamefumbwa. Atamkamataje mtu? Tukaazimia macho yafunguliwe. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ndiye msanifu wetu wa kompyuta, na sikumpa kazi hii kwa upendeleo, nilimpa kwa kuwa alikuwa amekaa tu nyumbani. Yeye alisema hawezi kufungua macho yaliyofumbwa, ila anaweza kupandikiza mengine. Macho yaliyopatikana karibu yalikuwa ya Ndugu Mhasibu, kwenye picha ya kitambulisho chake cha kazi, aliyopigwa siku ile alipoambiwa wakaguzi wamefika. (Mhasibu anashusha miwani myeusi kidogo, anairudisha.) Ndiyo sababu ya miwani. Watu humu jengoni wameanza kumwangalia vibaya.

Hoja ya pili ilihusu mdomo. Mdomo wazi hivyo unaweza kufasiriwa kuwa ni malalamiko. Mtu akiona mwananchi amepanua mdomo kwenye jarida lililotoka kitengo cha serikali, atauliza: analia nini? Nani kamfanya nini? Tukaazimia mdomo ufungwe. Mpwa wangu akaufunga. (Msanii mmoja: "Sasa ataimbaje?") Swali hilo lilijitokeza pia kikaoni, na likapigiwa kura likashindwa.

Basi, ndugu zangu, tukabaki na mwanamke aliyefunga mdomo, ana macho ya mhasibu aliyeona wakaguzi. Tukaibandika ile picha ukutani kuipima. Asubuhi dada wa usafi akaingia na ndoo yake, akawasha taa, akapiga yowe lililosikika mpaka getini, na mpaka leo chumba kile hakifagiwi. Mimi kama kiongozi nikajiuliza: kwa nini tunahangaika kutengeneza uso wenye macho wazi na mdomo uliofungwa, wakati nyuso za namna hiyo zipo tayari, hazihitaji kupandikizwa chochote? Nikatoka nje ya kikao kufikiri. Nikapita pale mapokezi. Nikainua macho. Na pale ukutani, kwenye fremu ya dhahabu… lakini acha nisiwamalizie utamu. Ndugu Mwakilishi wa Mwakilishi, karibu utufungulie pazia. Ndugu Mwakilishi. Jamani, hebu mguseni bega. (Mwakilishi wa Mwakilishi anaamshwa, anapanda jukwaani, anavuta utepe. Kitambaa kinaanguka. Mtu anacheka, anaziba mdomo.)

Naam! Ni mimi. (Kimya.) Nasema, ni mimi. (Wajumbe wanapiga makofi.) Suti ni ile ya kijivu, tai ni ya Kamati Ndogo ya Rangi, macho yanamkamata mtu popote alipo, jaribuni kusogea muone, na mdomo umefungwa kwa utulivu wa kiongozi anayesikiliza. Kulikuwa na pendekezo tumweke Mgeni Rasmi. Nikasema hapana, wageni rasmi wanabadilishwa kila mara, ila mimi nipo, na jarida linahitaji uthabiti. Hapa pembeni ya bega langu mnaona vile vichwa vya habari vyenye muwasho: "Alichomwambia mpiga gitaa kitakushangaza, ukurasa wa tano." "Siri ya sauti tamu, ukurasa wa saba." Na hapa chini, kwa herufi nyekundu: "Chiriku afunguka, ukurasa wa kumi na mbili." Mama Chiriku, umeona? Jina la mwanao hilo hapo. (Mama Chiriku amesimama. "Jina nimeliona, baba. Mwanangu yuko wapi?")

Yupo, mama. Tazama vizuri. Hapa kifuani pangu. (Mama Chiriku anasogea, anakunja uso, anasogea tena. "Huo mkono!") Ahsante! Jicho la mama hilo. Mkono wangu mimi, tulipojaribu kuushikisha maikrofoni, ulionekana umeshika bilauri, na maikrofoni ilikuwa lazima ikae mahali pale pale, kwa sababu za kiufundi ambazo sitaziingia. Kwa hiyo mkono tuliuacha wa Chiriku, pamoja na kucha zake nyekundu, ambazo zinavuta vijana. Ahadi imetimizwa. Chiriku yuko kwenye jalada, kwa kiwango kinachowezekana kibajeti. (Mama Chiriku: "Hilo kovu la kwenye kidole gumba ni la pasi. Aliungua nilipomtuma kunyoosha sare zake za shule. Huo ni mkono wa mwanangu, mmeutoa kwake ukajibandikia wewe!" Kelele ukumbini.)

Tulieni, tulieni. Mama, hasira za nini tena? Kuna watu katika nchi hii hawana hata kidole kwenye jalada lolote. (Chiriku anasimama. "Mkuu, nina swali moja. Hapo mmeandika nimefunguka, ukurasa wa kumi na mbili. Hakuna mtu aliyewahi kunihoji. Nimefunguka nini?" Vijana wa nyuma: "Tufungulieni ukurasa wa kumi na mbili!") Binti yangu, ukurasa wa kumi na mbili ni wa kimkakati. (Vijana: "Ufungueni!") Vijana, msikimbilie ndani. Hiyo ndiyo shida yenu, kitu hujakiangalia nje vizuri unataka kujua ndani. Sayansi ya jalada inasema mlengwa huvutwa na nje. Akishavutwa, jalada limefanya kazi yake, na jarida nalo, ukilitazama kwa mapana, limefanya kazi yake. Sasa ukianza kumwekea kurasa utamchanganya. Kurasa zina makosa ya chapa. Kurasa zina maoni. Sisi tumetoa jalada safi ambalo halijaharibiwa na… Mama. Mama Chiriku. Unapanda jukwaani, mama? Ngazi ile ya kwanza imelegea, angalia usijikwae. (Makofi, ya kweli, kutoka nyuma.)

Mama, usiguse. Gundi haijakauka vizuri. Mama, usitumie kucha. Ndugu zangu, mnachokiona sasa ni ushirikishwaji wa wananchi katika hatua ya usambazaji, lakini mama, nakuomba, taratibu, usikwangue kuanzia kwenye kiwiko, picha nzima itaondoka! (Sauti ya karatasi kuchanika, ndefu. Mkono unatoka, na nusu ya kifua cha suti ya kijivu pamoja nao. Chini yake yanaonekana maandishi ya bluu: "TABA INAYOTEMB". Mwandishi wa habari anaruka juu ya kiti: "Si nilisema! Huo ndio ubao mliozindulia Maktaba Inayotembea!")

Ndiyo, ni wa Maktaba Inayotembea, kuna siri gani hapo? Kutunza mali ya umma kumekuwa kosa? Na maktaba ile ilitembea, ndugu mwandishi, ndiyo maana hamuioni. (Kicheko. Mama Chiriku anavuta ukingo mwingine. Maktaba inatoka. Chini yake kuna nyasi za kijani na goli.) Mama, ishia hapo kwenye kiwanja cha michezo. Usiendelee. Chini ya kiwanja kuna zahanati, na zahanati imeshikamana na mbao, ukiivuta tutabaki na… (Zahanati inatoka. Ubao umebaki mtupu. Katikati, pale palipokuwa na maikrofoni, kuna tundu la kitasa. Ukumbi mzima unatazama tundu lile. Kisha dada wa usafi, aliyesimama ukutani na ufagio, anasema: "Haa! Mlango wa stoo!" Vurugu. Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega.)

Utaratibu! Utaratibu! Mwenye kutaka soda anyamaze! (Hakuna anayenyamaza. Mama Chiriku anashuka jukwaani na kile kipande cha mkono, anampa binti yake. Chiriku anakiangalia, machozi yanamtoka. "Basi, mama. Umeshinda. Jumatatu nitakwenda kwa mjomba." Mama anatikisa kichwa. "Huendi." "Lakini hawakuniweka, mama. Ulisema wasiponiweka…" "Nilisema, ndiyo, nilikuwa sijawaona hawa. Kamati nzima ya watu wazima imekaa mezani kukufuta, wamekufuta macho, wamekufunga mdomo, na mkono bado umewashinda. Mtu wa kupima misumari hafutwi kwa kazi kubwa hivyo. Mimi nilikuwa mjinga, mwanangu. Nyamaza kulia, hebu futa uso twende. Halafu huko nje uniimbie huo wimbo uliosimamisha jengo, maana mimi mama yako sijawahi hata kukaa nikausikiliza.")

Mama Chiriku, huwezi kutoka kabla ya kauli mbiu. Ndugu zangu, kaeni. Nyie wapiga ngoma mnakwenda wapi? Wanafunzi! Mwalimu wao yuko wapi? Kijana, funga mlango. Kijana! (Dereva ameshatoka, ameuacha mlango wazi. Viti vya plastiki vinagongana. Ukumbi unabaki na wajumbe, Mhasibu, na Mwakilishi wa Mwakilishi aliyerudi kulala.)

Vizuri. Waliobaki ndio walengwa halisi, na jalada letu, kama mnavyoona, limewachuja. Nikisema Mlio, mnajibu Mpya. Mlio! (Kupitia mlango ulio wazi inaingia sauti ya mwanamke, inaanza chini, inapanda.) Mlio! (Sauti inapanda zaidi. Madirisha ya juu yanafunguliwa. Mjumbe mmoja anatoa leso.) Nasema, Mlio! (Mwakilishi wa Mwakilishi, akishtuka usingizini: "Mpya.") Ahsante. Jalada kwanza, ndani baadaye! Muziki kwa wote, mdomo umefungwa! Mlengwa mmoja, herufi tofauti! Kazi iendelee kuanza!

Kwa kuhitimisha, napenda kuwashukuru wote waliofanikisha mradi huu. Namshukuru Mgeni Rasmi kwa kutokuja, maana angekuja angetaka kusoma. Nawashukuru waandishi wa Mlio Mpya, ambao hatukuwaajiri, kwa kutodai lolote. Nakishukuru kiwanda cha uchapaji, ambacho hatukukipelekea kitu, kwa uvumilivu wake. Zaidi ya yote nalishukuru jarida lenyewe, ambalo halina kurasa, halikuwahi kuwa na kurasa, na wala hakuna mtu kati yetu aliyewahi kupendekeza liwe na kurasa, kwa kutotuletea usumbufu wowote mpaka kufikia siku hii ya leo. Mpwa wangu, usiurudishe mlango stoo, uufute vumbi tu, wiki ijayo tunazindua daraja, na lile tundu la kitasa tutaliwekea jua linachomoza. Mhasibu, twende tukanywe soda. Na wewe Ndugu Mpiga Picha, piga hii ya mwisho, mimi na jalada, halafu viti vilivyo wazi vijaze na wale watu wa uzinduzi wa maktaba, walitoka vizuri sana wale. Asanteni kwa kunisikiliza. Umeipata hiyo? Mpiga Picha? (Mpiga Picha hayupo. Yuko nje, kwenye ngazi za jengo, amepiga goti moja, anampiga picha mwanamke aliyefumba macho, mdomo wazi.)